Mjadala: Nyanya za supamaketi na za sokoni, tunalipia ubora au kiyoyozi?

Wakuu, shemeji yangu haingii sokoni. Anasema ni tope na kusukumana, na mboga zake hazina ubora. Jumamosi tulibishana mpaka nikamwambia basi tukapime. Supamaketi moja ya huko Masaki, Dar, kilo ya nyanya shilingi 3,800, zimepangwa kama mayai. Nikaenda soko la Ilala, fungu la 1,000. Kwenye mizani ya jikoni likatoa gramu 640. Moja ilikuwa imebonyea, nikaitupa. Hata hivyo kilo haikufika 2,000.

Na zile za Masaki hazikushuka kutoka peponi. Zinatoka mashamba ya Ilula au Lushoto kulekule zinakotoka za sokoni, ila kuna mtu amechambua tenga, akaziondoa zilizopasuka. Hiyo ni kazi, ilipwe. Lakini mara mbili ya bei? Samaki ndiyo usiniambie kabisa: aliyezoea mnada wa samaki wa Feri alfajiri hawezi kumsifia changu wa kwenye friji.

Leteni hoja.

Mdau wa Tegeta:
Mkuu, umepima fungu moja, siku moja. Fungu halina kipimo, kesho yuleyule anakuwekea gramu 500 kwa bei ileile. Kisado nacho, lile kopo la kupimia, kinabonyezwa kitako. Supamaketi nina mizani yenye stika ya Wakala wa Vipimo, nina risiti, nikiona nyama imeharibika narudi nayo. Sokoni utamrudia nani? Halafu hujagusa mchicha. Unajua uliokula jana ulimwagiliwa maji gani pale bonde la Msimbazi?

Mama wa Mbagala:
Nyie wote mnabishana kama watu wenye friji. Huku tunanunua mafuta ya kupima, sukari robo, unga nusu. Jumlisha vile vipimo mpaka vifike lita, utakuta nimemzidi aliyebeba dumu lake supamaketi. Kwa hiyo anayelipa ghali ni mimi, si shemeji yako. Najua hesabu hiyo vizuri. Ila leo sina hela ya dumu, na mangi wa duka la mtaani ananiandika mpaka Jumamosi. Supamaketi gani ina daftari la madeni?

Mwanzisha mada:
Mama, hapo kwenye daftari sina jibu. Nililinganisha Masaki na Ilala nikasahau duka la mtaani, ambako ndiko wengi wananunua.

Wa Tegeta, kwenye mizani umenishinda. Kwenye mchicha hapana: ule wa kwenye nailoni safi nao hauandikwi umelimwa bonde gani, kuoshwa hakuonyeshi ulikotoka. Wakiandika shamba kwenye pakiti, nitailipa hiyo nyongeza bila kelele.

Shemeji bado anashikilia msimamo. Kachumbari ya jana kala sahani mbili, sijamwambia zilikuwa nyanya za wapi.