Msaada: uvimbe wa katikati wa galaksi unatoka mkubwa kuliko sahani yake. Nakosea wapi?

BintiKibirizi:

Habari za humu wakuu. Shikamoo kwa wanaostahili.

Niko Kigoma, Kibirizi, nyumbani kwa wazazi, namalizia utafiti wa shahada ya uzamili. Napima galaksi kwa kutumia picha zake. Kila galaksi naitenganisha uvimbe wa katikati na sahani inayouzunguka, halafu naandika kila sehemu ina mwanga kiasi gani, imetanuka hadi wapi, na mwanga wake unafifiaje kadiri unavyotoka katikati kwenda nje. Nina galaksi 60, picha za SDSS (mradi mkubwa wa kupiga picha anga) za kichujio cha r, yaani mwanga mwekundu, na programu ni GALFIT, inayotafuta modeli inayolingana na picha.

Sahani haijanisumbua. Shida ni uvimbe. Nimeupima kwa kanuni ya Sérsic, ile aliyoiandika mwanaastronomia huyo wa Argentina mwaka 1963. Ina namba moja inayoitwa n: ikiwa 1, mwanga unashuka kama wa sahani, ikiwa 4, unarudi kwenye kanuni ya de Vaucouleurs ya mwaka 1948, katikati pakali na mkia mrefu kwenda nje. Galaksi yangu ya kwanza imenipa n ya 7.8! Nusu ya mwanga wa uvimbe imeenea hadi sekunde 23 za tao kutoka katikati, wakati urefu wa kipimo cha sahani, yaani umbali ambao mwanga wake unashuka hadi zaidi kidogo ya theluthi, ni sekunde 6 tu. Programu imeupa uvimbe asilimia 41 ya mwanga wote, lakini ukiitazama kwa macho ni galaksi ya mikono miwili yenye kitovu kidogo.

Kinachonichanganya zaidi, kai-skweya, namba inayoonyesha modeli inatofautiana na picha kiasi gani, ni 0.04. Nilipoiona nilifurahi, nikajua nimepatia. Msimamizi wangu anataka jedwali lote mwisho wa mwezi, na yuko mbali, barua pepe hujibiwa baada ya wiki mbili. Sitaki kumpelekea namba ambazo mimi mwenyewe siziamini. Leo ni siku ya tisa nimekwama hapa. Naomba kuwasilisha.

FundiPikseli:

Pole dada. Anzia kwenye hiyo 0.04. Kai-skweya ikishagawanywa kwa idadi ya vipimo huru inatakiwa ikae karibu na 1. Ikishuka hadi 0.04, umeiambia programu kwamba kelele za picha ni kubwa mara nyingi kuliko zilivyo, kwa hiyo modeli yoyote itaonekana nzuri. Ramani ya kelele, ile inayosema kila pikseli ina kelele kiasi gani, umeitengeneza mwenyewe au umeiachia GALFIT?

BintiKibirizi:

Nimeiachia yenyewe kaka.

FundiPikseli:

Basi tumepata mahali pa kuanzia. GALFIT ikijitengenezea ramani ya kelele inachukulia kwamba thamani za pikseli ni hesabu za kamera, na inazigeuza kuwa elektroni kwa gaini (elektroni ngapi kwa hesabu moja) iliyoandikwa kwenye kichwa cha faili. Picha zako za SDSS hazipo kwenye hesabu za kamera, zimeshageuzwa kuwa nanomagi, kizio cha mwanga. Pikseli yenye thamani 1 programu inaiona kama elektroni chache, kumbe nyuma yake kuna mamia. Matokeo yake katikati ya galaksi, penye taarifa nyingi kuliko pote, panapewa uzito mdogo mno, na pembezoni panaachiwa kuamua umbo zima. Mkia wako mrefu unalelewa huko.

Fungua faili lile lile la SDSS. Ndani kuna tabaka la kipimo cha kugeuzia na tabaka la anga lililokwisha kuondolewa. Gawanya picha kwa kipimo, rudisha anga, utapata hesabu halisi za kamera. Gawanya hesabu hizo kwa gaini, jumlisha varianzi ya giza (kelele ya kamera yenyewe), kisha kipeuo cha pili cha jumla hiyo ndiyo kelele ya kila pikseli. Zidisha tena kwa kipimo urudi kwenye nanomagi, ihifadhi kama ramani yako, mpe GALFIT. Magnitudi ya sifuri, ile ya kugeuzia thamani za pikseli kuwa magnitudi, weka 22.5.

Haraka_Haraka:

Mimi ningefunga n iwe 4 kwa galaksi zote 60 nimalize wiki hii. Katalogi kubwa zinafanya hivyo hivyo na watu wanazitumia.

KivuliChaMwembe:

Mwangaluka wadau. Niko Tabora, nafundisha fizikia sekondari, miaka ya nyuma nilifanya kazi ya aina hii.

Ndugu Haraka, hapo sikubaliani nawe. Katalogi unayoifikiria nadhani ni ile ya Simard na wenzake ya mwaka 2011, galaksi zaidi ya milioni 1.1. Wale walijaribu modeli tatu kwa kila galaksi: uvimbe wenye n ya 4 pamoja na sahani, uvimbe wenye n huru pamoja na sahani, na kanuni moja ya Sérsic kwa galaksi nzima. Kisha wakapima kama picha yenyewe inadai modeli yenye sehemu mbili au la. Kufunga n kuna mahali pake, hasa galaksi ikiwa ndogo na hafifu kiasi kwamba picha haiwezi kuamua. Huyu binti galaksi yake ina mikono inayoonekana kwa macho. Akiifunga n atakuwa amejijibu kabla ya kuuliza.

Binti, nijibu mambo matatu. Kipande cha picha ulichokata kina pikseli ngapi? Barakoa ya kufunika nyota na galaksi za jirani umeitengenezaje? Na PSF, yaani picha ya jinsi nukta moja ya mwanga inavyotandazwa na hewa na darubini, umeitoa wapi?

KijanaUjiji:

Samahani wakubwa, mimi si wa fani hii, nimevutiwa tu kwa kuwa dada ni wa huku kwetu. Kujua uvimbe una n ya 2 au ya 7 kunasaidia nini?

KivuliChaMwembe:

Swali zuri mdogo wangu, wala usiombe samahani.

Uvimbe wenye n kubwa kwa kawaida hutazamwa kama mabaki ya galaksi zilizogongana na kuungana. Wenye n ndogo, karibu na 1 au 2, mara nyingi ulijengwa polepole kwa gesi iliyosukumwa kutoka kwenye sahani hadi katikati. Kormendy na Kennicutt waliandika mapitio marefu juu ya hili mwaka 2004. Tena, uzito wa shimo jeusi lililo katikati ya galaksi unakwenda sambamba na uzito wa uvimbe, kwa hiyo watu hukadiria kimoja kwa kutazama kingine. Dada yako akikosea n, ameiandikia galaksi historia isiyo yake, na shimo jeusi amelipa uzito usio wake.

BintiKibirizi:

Asante sana mwalimu. Kipande ni pikseli 200 kwa 200, nilikata kidogo ili kompyuta yangu isichoke. Barakoa nimetoa kwenye SExtractor, programu inayotambua vitu kwenye picha na kuvipa namba, nikafuta namba ya galaksi yangu na kuacha vingine vyote vimefunikwa. PSF sikuweka. Niliona galaksi ni kubwa, nikadhani haina haja.

KivuliChaMwembe:

Nianze na PSF maana uko mahali pazuri pa kuielewa. Usiku wa giza, wavuvi wa dagaa wakishatoka, simama hapo Kibirizi utazame taa zao. Ukungu ukiwepo kila taa inanenepa. Taa ndogo na kubwa zote zinapata upana uleule wa ukungu, na mitumbwi miwili iliyokaribiana unaiona kama taa moja. Ukitaka kujua ukungu wa usiku huo unatandaza mwanga kiasi gani, unatafuta taa moja iliyo peke yake unaipima. Nyota ndiyo taa yako. Kwenye SDSS, kichujio cha r, upana huo ni takribani sekunde 1.3, na pikseli moja ni sekunde 0.396, yaani pikseli tatu na kidogo. Uvimbe mdogo wote umekaa ndani ya ukungu. Usipompa GALFIT PSF, anachukulia ukungu ni umbo la galaksi yenyewe. Chagua nyota iliyojitenga, isiyofurika, au toa PSF kwenye faili za SDSS zenyewe. Na kisanduku cha kutandazia, eneo ambalo programu inatandaza modeli kwa PSF, kiwe kipana, mara nyingi ya huo upana. Kikiwa kidogo utaona ukingo wa mraba kwenye mabaki.

Kipande chako: pikseli 200 ni sekunde 79, kwa hiyo kutoka katikati hadi ukingoni una sekunde 40 tu. Sahani yenye kipimo cha sekunde 6 bado ina mwanga ukifika 25 au 30. Anga halisi limebaki pembeni kama upindo wa kanga. Programu ikiachiwa itafute anga na mkia wa uvimbe kwa pamoja, inavichanganya. Kosa dogo la anga linageuka n kubwa. Kata pikseli 600.

Barakoa: ifungue uitazame kwa macho. SExtractor ina tabia ya kuvunja galaksi yenye mikono kuwa vitu vingi, kila fundo la nyota changa linapewa namba yake. Kama ulifuta namba moja tu, mikono umeifunika wewe mwenyewe.

MamaTakwimu:

Naongezea: tazama picha ya mabaki, picha halisi ukitoa modeli. Kai-skweya peke yake haikuambii kosa liko upande gani wa galaksi. Itume hapa ukimaliza hayo ya mwalimu.

BintiKibirizi:

Wakuu, nimerudi baada ya siku nne, umeme ulitusumbua.

Barakoa ilikuwa kama alivyosema mwalimu. Vipande vitano vya mikono vilikuwa vimefunikwa! Niliumia nilipoona, maana nilikuwa nimeshaandaa barakoa za galaksi 22 kwa njia ile ile.

Ramani ya kelele peke yake imeshusha n hadi 4.6, kai-skweya ikawa 1.4. Barakoa mpya, kipande cha pikseli 600 na PSF: n ni 3.2, nusu ya mwanga wa uvimbe ndani ya sekunde 4.1, uvimbe una asilimia 29 ya mwanga wote. Kwenye mabaki kuna kitu kimenyooka, chembamba, kinapita katikati na kuishia pale mikono inapoanzia.

MamaTakwimu:

Huo ni upau mwanangu, mkanda wa nyota ulionyooka katikati ya galaksi, nimeuona kwenye picha yako. Galaksi yako ina sehemu tatu na wewe umeipa programu sehemu mbili, kwa hiyo mwanga wa upau lazima umwagwe mahali, na kwa kawaida unamwagwa kwenye uvimbe. Gadotti alionyesha mwaka 2008 kwamba ukiupuuza upau, sehemu ya mwanga inayopewa uvimbe inaweza kufika mara mbili ya ile ya kweli. Ongeza Sérsic ya tatu: n anzia 0.5, uwiano wa mapana kwa marefu 0.3, mwelekeo upime mwenyewe kwenye picha. Kumbuka GALFIT inahesabu nyuzi kuanzia juu kwenda kushoto. Mwanzoni ufunge mwelekeo huo, modeli ikitulia ndipo uuachie.

BintiKibirizi:

Mama, shikamoo, na asante. Sasa: uvimbe n 1.3, sekunde 1.7, asilimia 13. Upau asilimia 15. Sahani imebeba zilizobaki. Kai-skweya 1.12. Galaksi hii iko kwenye mwekundisho (kuvutika kwa mwanga kuelekea wekundu, kunakoonyesha umbali) wa 0.03, sekunde moja ni takribani miaka ya nuru 2,000, kwa hiyo uvimbe wangu ni wa miaka ya nuru 3,400 hivi. Kutoka asilimia 41 hadi 13, galaksi ni ile ile na picha ni ile ile.

Swali la mwisho: nitajuaje kwamba haijakwama mahali pabaya tena?

FundiPikseli:

Endesha upya mara kadhaa kwa kuanzia mbali: uvimbe n 1, halafu n 4, sekunde 1, halafu 5. Zikirudi zote hapo hapo, andika. Zikitawanyika, mtawanyiko huo ndio kosa lako la kipimo, uweke kwenye jedwali badala ya yale makosa madogo mno ambayo GALFIT inachapa yenyewe. Na anga lisogeze juu na chini kidogo kwa kiasi unachokishuku, uone n inahama kiasi gani.

KivuliChaMwembe:

Na msimamizi mwandikie leo, kabla jedwali halijaisha. Mtumie picha tatu za galaksi hii moja: halisi, modeli, mabaki. Mwambie galaksi zenye pau zitahitaji muda zaidi. Akiona mabaki ataelewa.

BintiKibirizi:

Nimeanza kuzipitia zote 60 kwa macho kabla ya kugusa programu. Hadi sasa nimefika ya 34, na 11 kati yake naona zina upau. Barua pepe kwa msimamizi naituma usiku huu.