Nimemwaga pipa la mtu. Sasa nitarudi vipi nyumba ile?

Binti wa Jang'ombe

Assalamu alaykum. Mie ni mmoja katika vijana tuliochaguliwa na sheha tupite nyumba kwa nyumba kusomesha watu habari za mbu. Tumepewa semina ya siku mbili, fulana na karatasi zenye picha. Nyumba nane za mwanzo tulipokewa vizuri, "ahsanteni wanangu", kahawa juu yake. Ya tisa, uwani kulikuwa na pipa la bluu, viluwiluwi ndani wanapiga mbizi. Mwenzangu akalipindua pale pale.

Bi mkubwa mwenye nyumba alikuwa chooni. Alipotoka akaona maji yake yanakwenda mtaroni. Hakupiga kelele. Alituuliza tu: "Haya, nani atanitekea?" Kwao mfereji hutoa siku moja katika tatu, na saa nyengine hutoa saa nane za usiku. Tukamtekea madumu sita kisimani. Bega langu mpaka leo halijapoa.

Lakini linalonikera zaidi ni zile nyumba nane. Nimerudi baada ya wiki mbili, hakuna hata moja iliyofunika kitu. Wengine wananiambia malaria Zanzibar imekwisha, mbu wa nini. Wengine wanasema mbu wanatoka mtaro mkubwa. Namtaka mtu aliyewahi kuifanya kazi hii kwa miguu yake. Karatasi ninazo, tena nyingi.

Mtu wa Kwerekwe

Hao waliokwambia mtaro wamekwambia kweli. Masika ikianza sisi tunakaa na ziwa mlangoni. Mnamwacha mwenye mtaro mnakuja kumsumbua bibi mwenye pipa moja. Mimi ningekutekesha madumu kumi.

Mzee wa Bomba

Wa alaykumu ssalaam binti yangu. Mimi nilibeba bomba la kupigia dawa kuta tangu lilipoanza zoezi lile mwaka 2006, na baadae nikapita majumbani kama wewe. Pipa la mtu na mimi nimelimwaga, tena la mkwe wangu. Kwa hiyo tuko wengi.

Kwanza nimjibu ndugu wa Kwerekwe, kwa sababu neno lake ndilo utakalolisikia kila baraza. Muulize mtu: anayekuuma anakuuma saa ngapi? Yule anayekuimbia sikioni usiku, ndiyo, wengi wao ni wa maji machafu: mtaro, karo, shimo la choo. Lakini anayekuuma kifundoni saa nne asubuhi unachambua mchele, kimya kimya, mweusi mwenye miguu ya madoadoa meupe, huyo hataki mtaro. Anataka maji mazuri: pipa, mtungi, tairi, kifuu, kisahani cha chini ya chungu cha maua, na lile beseni dogo nyuma ya friji ambalo hakuna anayelikumbuka. Huyo ndiye wa homa ya dengi. Na kwa kawaida haendi mbali na alikozaliwa. Akikuuma mchana, ama ni wako ama ni wa jirani yako.

Dawa ile ya kutani haikumtisha sana. Ilimlenga mbu wa malaria, anayeuma usiku na kisha kupumzika ukutani. Huyu wa mchana hujificha kwenye nguo zilizotundikwa, chini ya kitanda, nyuma ya kabati. Ndiyo maana malaria ilishuka vile na watu bado wanaumwa na mbu. Na imeshuka, haijaisha; mwambie hivyo hivyo anayekwambia imekwisha.

Sasa kazi yenyewe. Karatasi ziache kwa sheha. Chukua chupa tupu ya jemu, ya kioo, na kipande cha kitambaa chepesi na mpira. Ukifika nyumbani kwa mtu usifungue pipa lake wewe. Muombe mwenyewe afungue, achote kwa kata yake, atie chupani. Mfungie kitambaa juu, muwekee mahali pa kivuli ambapo watoto watapaona, mwambie "bi mkubwa, hawa ni wako, nitakuja kuwaamkia", halafu uondoke. Usihutubie. Kwa joto letu, siku chache tu wale wakubwa watajikunja kama koma (,), halafu asubuhi moja utakuta mbu wamening'inia chini ya kitambaa. Nimeona mtu mzima, mstaafu wa bandarini, amepiga magoti anahesabu. Miaka yote alikuwa anaamini wale ni vidudu vya maji tu, ati ni dalili ya maji safi!

Hapo ndipo atakuuliza mwenyewe afanye nini. Na hapo usimwambie amwage. Mwambie asubiri siku ya maji. Pipa likiwa limebaki kidogo chini, kabla ya kulijaza, alisugue kuta za ndani kwa brashi au makumbi ya nazi, hasa pale penye alama ya maji yalipofikia. Mayai ya huyu wa mchana yamegandishwa pale pembeni, juu kidogo ya maji. Yanakauka, yanakaa miezi, na siku ukijaza tena yanaanguliwa. Ukimwaga bila kusugua umemwaga maji tu, mayai umeyaacha nyumbani. (Ndivyo nilivyofanya kwa mkwe. Wiki ya pili pipa lilikuwa vile vile, na nikaonekana mwongo.) Akishajaza, kitambaa juu, akikaze kwa utepe wa tyubu ya baiskeli. Mfuniko wa kupachika peke yake hautoshi, mbu hupita penye ufa. Wala asitumie chandarua chenye dawa, hayo ni maji ya kupikia.

Mama wa Mpendae

Mimi ni shahidi wa dengi. Mume wangu alilala siku tisa, macho yanauma kwa nyuma, viungo kama amepigwa. Tulidhani ni malaria, kipimo kikatoka hakuna. Nilikuwa nimeshampa dawa za maumivu alizobakisha jirani. Daktari akanikemea, akasema kwa homa ile apewe panadol tu na maji mengi, dawa nyengine kama aspirini zinaweza kumtoa damu. Baada ya hapo niliitafuta nyumba nzima. Nilikuta viluwiluwi kwenye ndoo ya kutilia udhu, nyuma ya mlango. Ndoo tunayoijaza kila siku bila ya kuisugua hata siku moja.

Tangi letu la sim, lile la plastiki, juu ya paa mfuniko wake ulipasuka kwa jua tangu mwaka juzi. Binti, usisahau kuwauliza watu habari za juu. Sisi wanawake hatupandi, na wanaume wanasema kesho.

Mmakunduchi

Mzee amegusia vyoo. Kwetu, mwishoni mwa miaka ya 1980, vyoo vya shimo vyenye maji vilitiwa chengachenga nyeupe, zile za plastiki povu kama zinazokuja kwenye maboksi ya televisheni. Zinaelea, zinafunika maji yote, kiluwiluwi hapati pa kuvutia pumzi. Na watu walipewa dawa za matende. Wakubwa zetu wanasimulia mbu walivyoondoka. Kwa mjini sijui nani atazitia, na karo likifurika zote hutoka nje. Lakini bomba la kupumulia karo unaweza kulifunga wavu leo leo.

Mtu wa Kwerekwe

Hilo la saa nne asubuhi limenipata. Nimekwenda kutazama matairi mawili nyuma ya banda la mbuzi. Sitasema nimekuta nini. Ila mtaro bado nao uzibuliwe!

Mzee wa Bomba

Uzibuliwe, ndugu yangu. Matairi yatoboe chini au yajaze mchanga.

Binti wa Jang'ombe

Narudi na habari. Nilianzia kwa yule bi mkubwa niliyemmwagia. Nilipiga hodi na dumu moja la maji mkononi, akacheka, akaniambia pita. Pipa alishalijaza tena na viluwiluwi wamesharudi, kama alivyosema Mzee. Alichota mwenyewe kwa kata. Tulitia chupa mbili, moja yake, moja niichukue nikaoneshe nyumba ya pili.

Nimekwenda jana. Mbu kumi na moja, wajukuu wameshawahesabu. Pipa limefungwa kanga kuukuu na utepe wa tyubu, na kuta za ndani kazisugua kwa makumbi mpaka zimepauka. Chupa zangu zote mbili kakataa kunipa. Anasema moja kaipeleka kwa wifi yake Kikwajuni, na ya pili anangoja mwanawe arudi kazini, kwa sababu yeye ndiye wa kupanda kutazama tangi.

Mwenye chupa za jemu tupu tafadhali asitupe.