Mafundi wa AC, gesi ya gari si vocha!

Wakuu, salamu zitafuata baadaye, leo nina hasira.

Gari langu ni Toyota IST, hizi hizi ambazo kila ukigeuka hapa Dar unakutana nayo. Tatizo lake naliandika kwa ufupi na naomba kila anayejiita fundi wa AC alisome taratibu: gari likitembea, AC inapooza vizuri kabisa. Nikisimama kwenye foleni, hewa inaanza kuwa vuguvugu, halafu joto. Foleni ikifunguka nikaanza kukimbia, baridi inarudi yenyewe. Nimelieleza hivyo gereji hii na ile, kwa Kiswahili kilichonyooka, na kote nimejibiwa kabla hata boneti haijafunguliwa: "Bosi, hiyo gesi imeisha. Tujaze."

Imeisha imekwenda wapi?

Mfumo wa AC ya gari umefungwa. Kompresa inaisukuma gesi kwa presha hadi kwenye kondensa iliyoko mbele ya rejeta, pale inatoa joto na kugeuka kimiminika, inapita kwenye drayari inayonyonya unyevu, inaingia kwenye kijitundu cha valvu inayoshusha presha, halafu ndani ya dashibodi, kwenye evapareta, inachemka. Ndiyo, inachemka ikiwa baridi, kwa sababu gesi yenyewe, inaitwa R-134a, kwa presha ya kawaida ya hewa huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri. Ikichemka inanyonya joto la hewa inayokupuliza usoni, kisha inarudi kwenye kompresa kuanza upya. Haichomwi, haitumiki. Ikipungua, imetoka nje. Sikatai kwamba mipira na oringi huachia kidogo kidogo kadiri miaka inavyokwenda, lakini gesi uliyonijazia juzi ukaniambia leo tena "imeisha", hapo kuna tundu, na kazi yako ni kulitafuta. Anayejaza bila kutafuta inakovuja ni muuza gesi, ajitangaze hivyo tumjue.

Na kwangu wala haikuwa kuvuja!

Mtu yeyote aliyefundishwa kazi hii angeshtuka aliposikia neno "foleni". Gari likiwa mwendoni, upepo unapiga kondensa na kuondoa joto bure. Likisimama, hakuna upepo, inabaki feni ya umeme. Feni isipozunguka, joto halina pa kwenda, presha ya upande wa juu, kuanzia kompresa hadi kwenye valvu, inapanda, na ikipanda sana swichi ya presha inaikata kompresa ili mabomba yasipasuke. Kupima hili hakuhitaji mashine. Unawasha AC, unafungua boneti, unatazama feni inazunguka au haizunguki. Macho tu! Hamna hata mmoja aliyetazama.

Kuna mmoja ndiye aliyenimaliza. Alijaza gesi, nikamwambia asizime, tuliache gari kwenye silensa, limesimama injini inanguruma, tuone. Alipohisi hewa inaanza kuwa vuguvugu akachota maji kwenye ndoo akaimwagia kondensa. Baridi ikarudi pale pale. "Umeona bosi? Imeshika hiyo." Jamani! Maji yale ndiyo yamefanya kazi ambayo feni ilitakiwa kuifanya. Jibu la tatizo zima alikuwa nalo mkononi, ndani ya ndoo, akapokea sh 60,000 yangu na kuniambia nikatembelee. Nimefika Mwenge, hapo hapo kwenye mataa, natoka jasho kama kawaida, na hii miezi ya kaskazi mnaijua ilivyo.

Mwingine alikuja na geji, nikafurahi, nikasema huyu sasa amesoma. Kumbe. Akachomeka gari likiwa limezimwa, akasoma presha ya psi 95 hivi, akatikisa kichwa: "Ndogo hii." Sasa nawaambia kitu ambacho wateja wengi hawajui, na inaelekea mafundi wengi pia. Gari likiwa limezimwa na limetulia, R-134a kwenye joto la nyuzi 30 husoma karibu psi 97, iwe imejaa au imebaki nusu, mradi tu bado kuna kimiminika humo ndani. Kwa hiyo namba ile inakwambia hali ya joto ya siku hiyo, haikwambii gesi ni kiasi gani. Ili geji ikuambie la maana, injini iwe inanguruma, AC iwe juu, feni ya ndani iwe ya mwisho, na usome pande zote mbili kwa pamoja. Kwa joto la Dar upande wa chini, ule unaorudi kwenye kompresa, uwe kwenye psi 30 hadi 45, upande wa juu 200 hadi 250 au karibu na hapo. Chini kukiwa kumeshuka na juu pia kumeshuka, ndipo uanze kufikiria gesi pungufu. Juu kukiwa kumepaa, kama kwangu, fikiria feni, kondensa iliyoziba kwa vumbi, au gesi iliyozidi. Yeye akasoma upande mmoja, gari limezimwa, akaongeza.

Na hapo kwenye kuongeza ndipo hasira zangu zilipo hasa. Chini ya boneti kuna kibandiko kimeandikwa aina ya gesi na uzito wake kwa gramu. Gramu! Maana yake gesi inapimwa kwa mizani. Nani kati yenu amewahi kumuona fundi wa AC wa mtaani akiuweka mtungi kwenye mizani? Wanajaza mpaka bomba litoe jasho, basi. Bomba nene linalorudi kwenye kompresa kutoa jasho ni jambo la kawaida kwa hewa ya pwani hii yenye unyevu, halisemi kama imetosha au imezidi. Na gesi ikizidi, AC inapooza kidogo kuliko mwanzo, kwa sababu kondensa inajaa kimiminika na nafasi ya kutoa joto inapungua. Ikizidi zaidi, kimiminika kinarudi kwenye kompresa, ambayo imetengenezwa kubana gesi. Unaijua sauti yake ikianza kugonga.

Mimi naisikia sasa hivi.

Maana gereji iliyofuata ikaniambia kompresa imekufa, kuna ya mtumba sh 300,000 "na kazi". Wakanionyesha: iko kwenye rundo, midomo wazi, haina hata kizibo, ndani imeshavuta unyevu na vumbi, oili yake haijulikani ni ipi. Nikauliza, mkifunga hii mtapiga vakyumu, yaani mtanyonya hewa yote iliyomo? Wakaangaliana. Mmoja akasema wanaachia gesi kidogo ipite "isukume hewa". Isukume hewa! Mfumo ukifunguliwa unaingia hewa na mvuke wa maji. Hewa haigeuki kimiminika, inakaa kwenye kondensa na kupandisha presha. Maji yanaganda kwenye kile kijitundu cha valvu, AC inapooza kidogo inakata, ukilipumzisha gari inapooza tena. Yakichanganyika na gesi na oili yanatengeneza asidi inayokula ndani kwa ndani. Ndiyo maana kuna pampu ya vakyumu, inavuta nusu saa au zaidi, kisha unaifunga unaangalia mshale: ukipanda wenyewe, kuna mahali panavuja, hujajaza hata gramu moja na tayari umejua. Na hiyo gesi wanayoachia ipulize hewani, mwaka 2016 hapo Kigali mataifa yalikubaliana kuzipunguza gesi za kundi hili kwa sababu kilo moja ya R-134a inapasha dunia joto sawa na zaidi ya kilo 1,400 za hewa ukaa. Wao pssssh, huku wakivuta sigara.

Nikaondoka. Aliyenisaidia ni fundi umeme wa magari jirani na nyumbani, wala hagusi AC. Nilimweleza dalili, akaniambia washa, akatazama, akachomoa plagi ya feni, akaipa umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri. Kimya. Mota imekufa. Tulifunga nyingine, foleni ya Ubungo sasa napita nimefunga vioo. Ila kwa vile nimebebeshwa gesi ya watu wote hao, saa sita mchana kompresa inakatakata na kule kugonga kwake kunasikika mpaka kwa abiria wa nyuma.

Najua watakaokuja kusema "mafundi wazuri wapo, umeenda kwa vishoka". Wapo, naamini. Lakini gereji zote hizo zina mabango makubwa ya AC, hakuna aliyejificha uchochoroni. Na mwingine atasema fungua vioo. Wewe fungua, moshi wa lori unaoingia barabara ya Mandela ni wako.

Kwa wale ambao bado hamjapigwa: kompresa isipolia ule mlio wa "ka" ukiwasha AC, waanze na fyuzi, rilei na klachi yake, wasianze na mtungi. Hewa ikitoka kidogo lakini ni ya baridi, angalieni filta ya ndani, kwa magari mengi ya Kijapani iko nyuma ya kisanduku cha mbele ya abiria, mnakuta imekuwa nyeusi tii. Kwenye maungio ya mabomba kukiwa na mafuta mafuta yenye vumbi, hapo ndipo panapovuja, kwa sababu oili hutoka pamoja na gesi. Mtungi usio na lebo msiukubali kabisa. Gesi za jamii ya ile ya kupikia zinapooza kweli, lakini zinawaka, na evapareta iko ndani ya dashibodi mbele ya magoti yenu. Na wenye Aqua, Prius na haibridi nyingine, ninyi muwe wakali mara mbili: kompresa yenu inaendeshwa na umeme mkubwa na oili yake ni ya aina yake, isiyopitisha umeme. Fundi akiwawekea hii ya kawaida ya PAG, ulinzi wa umeme ndani ya kompresa unaharibika, na kompresa ile si ya sh 300,000.

Sasa shida yangu. Natafuta gereji hapa Dar, upande wa Kinondoni au Ilala, yenye mashine ya kuvuta gesi bila kuimwaga, pampu ya vakyumu na mizani. Ivutwe yote, ipimwe, irudishwe kwa gramu za kwenye kibandiko, na oili ya kompresa ikaguliwe. Anayeijua atoe jina la eneo hapa na bei aliyolipa yeye mwenyewe, siyo aliyoambiwa na shemeji yake. Na kama drayari inabidi ibadilishwe, semeni nayo inauzwaje.