Ngariba ni shangazi yangu, nianzie wapi?

Binti_Mkubwa: Habari zenu wapendwa. Mimi na akina mama saba tunapita nyumba kwa nyumba kuzungumzia ukeketaji. Tunapokelewa vizuri. Halafu wakati wa kuaga, mama ananishika mkono na kuninong'oneza: "Nimekuelewa mwanangu, ila asipokeketwa nani atamwoa?" Hapo huwa sina jibu. Na ngariba ni shangazi yangu, ndiye aliyenikata mimi. Juzi alinionyesha wembe wake, kauviringisha kwenye kitambaa cheupe, akasema atauacha nikimtafutia kazi nyingine. Likizo ya shule imekaribia. Nihangaike na shangazi au na wazazi?

Mama_Pacha: Pole na hongera, mdogo wangu. Shangazi msaidie, ila usimtegemee yeye tu. Kwetu ngariba aliacha kweli, wazazi wakaenda kumleta mwingine usiku. Anayemwita ngariba ni ile hofu uliyonong'onezwa.

Mkunga_Mstaafu: Nimezalisha wengi waliokeketwa. Kovu halitanuki kama nyama nzima, mtoto anapotoka linachanika, damu inamwagika. Usiwahubirie. Muulize mama, "Ulipojifungua ilikuwaje?" Kisha nyamaza. Wengi hawajawahi kuhusisha mateso yale na wembe.

Kijana_Huru: Kwani wakipelekwa hospitali, wakapigwa ganzi, si itakuwa salama?

Mkunga_Mstaafu: Hapana, mwanangu. Ganzi ni ya siku ile tu, kilichokatwa hakirudi. Shirika la Afya Duniani linapinga mhudumu wa afya yeyote kukeketa.

Msoma_Mengi: Dada, swali la ndoa lina jibu, na lilipatikana Senegal. Mwaka 1997 wanawake wa kijiji cha Malicounda Bambara walitangaza hadharani kwamba wameacha. Vijiji jirani vikawaka hasira. Mzee mmoja, Demba Diawara, akaliona tatizo: watu wanaoana kijiji na kijiji, kwa hiyo kijiji kimoja kikiacha peke yake kinawaponza binti zake. Akaenda kwa miguu kwa ndugu zake, kijiji baada ya kijiji, akikaa nao na kuzungumza. Mwaka 1998 vijiji 13 vilitangaza kwa pamoja kule Diabougou. Kwa hiyo wafuateni wakwe. Mama wa mvulana akisema mbele za watu kwamba atampokea binti asiyekeketwa, ule mnong'ono unakosa nguvu.

Mama_Pacha: Hapo umenena. Ila hiyo ni kazi ya miaka, na likizo ni mwezi ujao. Mabinti walio hatarini wajueni kwa majina sasa hivi, na mjue kila mmoja atakimbilia kwa nani.

Binti_Mkubwa: Asanteni sana, nimelia nikisoma. Nimehesabu, tunaoana na vijiji vinne. Jumamosi naanza na kile alikozaliwa mama mkwe wangu, na yeye amekubali kunisindikiza. Shangazi naye nimemwomba aje aseme kwa kinywa chake alichokuwa akikiona. Ameomba siku mbili afikirie.