Wafadhili watupe hela mkononi, au waendelee kutuchimbia visima?

Kinu cha Mawe
Wakuu, heshima kwenu. Tangu Marekani waifunge USAID mwezi wa saba 2025, kila mtu yuko msibani. Nina swali la kichokozi. Hawa matajiri na mifuko yao binafsi waliobaki, kwa nini wasiachane na miradi wakatugawia hela zenyewe? Kenya limefanyika. Shirika la GiveDirectly, linalogawa hela taslimu, liliingia Siaya, likazipa kaya 10,500 hivi kama dola 1,000 kila moja kwa M-Pesa. Hakuna semina, hakuna fomu ya kueleza utazifanyia nini. Watafiti wakafuatilia vijiji 653, vingine vimepewa, vingine bado. Kila dola iliyoingia ilizunguka hadi ikazaa kama dola mbili na nusu kwenye uchumi wa pale, na bei za dukani hazikupanda kwa kuonekana. Hata ambao hawakupewa walionja.

Sisi huku tunapewa nini? Kisima ambacho pampu ikifa, spea iko Dar. Warsha ya siku tatu kuhusu umaskini, hotelini. Vyandarua ambavyo ndugu zetu wa ziwani wanavulia dagaa. Aliyelala njaa anaijua shida yake kuliko mtaalamu anayepita na shangingi mara moja kwa mwaka. Karibuni, tujadili kwa hoja.

Mkerewe Halisi
Ya hela na visima sina neno. Mleta mada anieleze hayo ya dagaa. Umewahi kuwavua, au unawajua wakiwa kwenye sahani? Dagaa anavuliwa usiku wa giza. Mnatoka na taa, mnamngoja ajikusanye kwenye mwanga, ndipo mnavuta wavu mpaka migongo inalia. Ukivuta na chandarua utarudi na kamba mkononi. Ulichokiona, kama kweli ulikiona, ni watoto wa ufukweni wanasaka furu. Mmetusema sana.

Jaribosi
Mtu kaleta dola mbili na nusu, wewe umekamata dagaa.

Mkerewe Halisi
Ndiyo, nimekamata dagaa. Kwa taa.

Nesi wa Zamu
Mimi vyandarua nimevigawa kwa mikono yangu. Vipo vinavyoishia bustanini na kwenye mabanda ya kuku, sikatai, lakini vingi ninavyoviona huko vimeshalaliwa miaka, matundu matupu. Kinachonikera ni hii ya "wapeni hela watanunua wenyewe". Hawanunui! Mnaikumbuka Hati Punguzo ya vyandarua? Mjamzito anapewa karatasi, anakwenda nayo dukani, anaongeza hela kidogo. Kidogo tu, na bado nilipokea wanaorudi kliniki karatasi imefungwa kwenye pindo la khanga, haijatumika. Halafu kuna utafiti wa Cohen na Dupas kwenye kliniki za wajawazito magharibi mwa Kenya: chandarua kilipoacha kuwa bure kikauzwa kama senti 60 za dola, waliokichukua walipungua kwa asilimia 60 nzima. Na chandarua chenye dawa kinaua mbu ambaye angehamia kwa jirani. Jirani huyo hawezi kunichangia, hata hajui kama kapona kwa sababu yangu. Vitu vya namna hiyo vigawiwe bure, mengine hela.

Sumu ya Panya
Dada nesi, umeeleza vizuri sana. Ulilipwa posho ya siku ngapi kugawa?

Nesi wa Zamu
Kaka, nilitembea na vyandarua kichwani kutoka barabarani hadi kitongojini, mvua inanyesha, mtoto wangu nimemwacha kwa mama. Posho yenyewe ilikuja mwezi wa nne baadaye, ikiwa na upungufu. Unataka nikuletee risiti?

Sumu ya Panya
Kwa hiyo ilikuja.

Mratibu Mstaafu
Sumu ya Panya, punguza. Nimekaa kwenye miradi miaka 19 na hili la posho mnalipiga bila kulijua. Mwenyekiti wa kitongoji umemtoa shambani msimu wa palizi akae kwenye benchi siku nzima, arudi na nini nyumbani, shukrani? Tatizo liko juu zaidi. Mfadhili anataka saini za mahudhurio, picha, ripoti ya robo mwaka na bajeti ambayo huwezi kuhamisha hela ya dizeli ikanunua tairi. Muda wangu mwingi umeishia kwenye ripoti. Mwaka mmoja nilibandika kwa makusudi kwenye ripoti mpya ukurasa mzima wa ripoti ya mwaka uliotangulia. Hakuna aliyeshtuka! Ndiyo maana namkubali yule tajiri wa Marekani, MacKenzie Scott. Anaichunguza asasi kimyakimya, akiridhika anatoa kwa mkupuo, wenyewe mnajua pa kuzipeleka. Wakimuiga hata watano, pesa zitafanya kazi mara mbili bila kuongeza hata senti.

Sumu ya Panya
Wakuu, hifadhini hili bandiko kabla halijafutwa. Mstaafu kakiri ripoti za kubandika.

Mratibu Mstaafu
Ukurasa mmoja. Na nilikuwa nawapima wao.

Jaribosi
"Nilikuwa nawapima wao." Hii naiweka kwenye barua yangu ya kujieleza kazini.

Nyar Siaya
Jameni, nyinyi mnapigana juu ya posho na hiyo pesa yenyewe ilikuja kwetu. Mwanzo watu waliogopa. Homa Bay, 2015, karibu nusu ya walioandikishwa walikataa kabisa. Ilisemekana ni pesa ya shetani, ukiichukua utaamka una nyoka ndani ya nyumba. Kwani nani hupeana pesa bure? Waliochukua wakaezeka mabati, wengine wakanunua ng'ombe, na ule ulevi mliotabiriwa haukuonekana. Benki ya Dunia ilipitia tafiti 19 mwaka 2014 ikakuta hivyohivyo, pesa haiendi kwa pombe.

Lakini boma la shangazi yangu liko ng'ambo ya barabara. Kijiji chao kilikuwa cha kulinganishwa. Akaambiwa tu kompyuta haikuwachagua. Mama yangu alipoezeka, shangazi alikaa mwaka hajakanyaga kwetu. Bei ya unga mlipima. Hiyo mlipima na nini?

Na kuna ile nyingine ya GiveDirectly ya kila mwezi, shilingi 2,250 za Kenya. Waliopewa kwa mkupuo walianzisha biashara kuliko walioahidiwa kila mwezi kwa miaka miwili. Walioahidiwa miaka 12 wao waliingia kwa chama, wakapokezana, mkupuo wakajitengenezea wenyewe.

Kinu cha Mawe
Dada Nyar, hapo ndipo nilipokuwa napataka. Watu walijipangia wenyewe.

Mkerewe Halisi
Mleta mada umerudi, vizuri. Radhi yangu iko wapi?

Mzigo wa Bukavu
Mimi ni wa Kivu Kusini, mniwie radhi kwa Kiswahili chetu. Kwetu hao GiveDirectly walikuja pia, na 2022 karibu dola 900,000 ziliibwa. Walioiba ni watumishi wao wenyewe na wenzao wa pembeni. Walegeza sharti moja kwa sababu ya hali ya usalama, watumishi wakaruhusiwa kuandikisha laini za simu za wanakijiji. Laini zikabaki mifukoni mwao. Kitu kimoja nawapa sifa: walijitangaza wenyewe, 2023. Mradi gani wa kisima umewahi kujitangaza umeibiwa? Kisima hakina akaunti ya kuangaliwa, saruji inatoka usiku tu.

Mratibu Mstaafu
Saruji ya mradi wangu haijawahi kutoka usiku.

Jaribosi
Ilitoka mchana na saini.

Nesi wa Zamu
Mzee kaonewa hapo. Turudi kwenye mada. Bado sijajibiwa: mama akipewa hiyo dola 1,000 leo, halafu zahanati haina dawa ya mseto ya malaria, atanunua kwa nani? Hela mkononi inataka kuwe na duka.

Kinu cha Mawe
Dada nesi, duka linafuata hela. Siaya lilifuata.

Nesi wa Zamu
Duka la mabati. Mimi nakwambia dawa.

Kinu cha Mawe
Hoja hiyo naichukua, nitaijibu nikitulia. Na Mkerewe, sikusema Ukerewe, nilisema ziwani. Nilisoma mahali.

Mkerewe Halisi
Ulisoma mahali. Kwenu wapi, mkuu?

Kinu cha Mawe
Singida.

Mkerewe Halisi
Singida! Kwa wafuga kuku wenyewe! Basi niambie, mkuu, vile vifaranga huwa mnavifunika na nini mwewe asivichukue?

Kinu cha Mawe
...Vilikuwa vimechakaa.