Nani alisema kusimba hifadhidata (kuigeuza isisomeke bila ufunguo) hakupunguzi kasi? Ajitokeze hapa!

Wakuu, heshima kwenu. Leo sina salamu ndefu, nimekesha na seva.

Alikuja mshauri wa usalama kazini kwetu, slaidi zinameremeta: "Usimbaji wa siku hizi gharama yake ni asilimia chache tu." Mabosi wakaitikia kwa vichwa. Amri ikashuka: majina, simu, baruapepe, tarehe za kuzaliwa, kila kolamu isimbwe. Mshauri kalipwa, kaondoka. Anayepigiwa simu usiku wa manane ni mimi.

Kinachoniuma ni kwamba hakudanganya moja kwa moja. Ukisimba diski au mafaili ya hifadhidata, kurasa zinasimbuliwa wakati wa kusomwa, na zikishaingia kwenye memori ziko wazi. Indeksi, zile orodha za kutafutia haraka, zinafanya kazi kama jana. Intel waliingiza maelekezo ya AES, mbinu maarufu ya kusimba, ndani ya prosesa tangu 2010, kwa hiyo kazi hiyo ni nyepesi, na kama data yako nyingi inakaa kwenye kashe (tayari iko kwenye memori) utaisikia kwa shida. Asilimia chache ni ya hapo. Sasa ile slaidi ya diski ndiyo iliyotumika kupitisha usimbaji wa kolamu moja moja! Vitu viwili tofauti kabisa, jina moja.

Kolamu ikishasimbwa vizuri, namba ileile ukiisimba mara mbili inatoa matokeo mawili tofauti. Ndivyo inavyotakiwa, la sivyo mwizi ataona nani anafanana na nani. Lakini maana yake indeksi imekufa. Mteja akitafutwa kwa namba ya simu, hifadhidata inasimbua rekodi zote, moja baada ya nyingine, mpaka impate. Kutafuta kwa herufi za mwanzo za jina, sahau. Kupanga kwa tarehe ya kuzaliwa, sahau.

Na sisi hifadhidata yetu ni PostgreSQL, na jamaa aliyetuandikia kodi akachukua pgp_sym_encrypt ya pgcrypto, kiongezo chake cha usimbaji, kwa sababu ndiyo ya kwanza aliyoiona. Ile imetengenezwa kwa nywila za watu: nywila inasagwa kihesabu kwanza, makusudi kwa kazi nyingi, ili kupata ufunguo, na hesabu ya usagaji huo kwa kawaida inaanzia 65,536. Usagaji huo unarudiwa KWA KILA REKODI, hata wakati wa kusimbua. Halafu nikiuliza kwa nini ripoti haimaliziki naambiwa "angalia mtandao". Mtandao!

Ukubwa nao. Namba ya simu ya tarakimu 10 ukiisimba kwa AES ya CBC (inayosimba kwa vipande vya baiti 16) inakuwa baiti 16, ongeza 16 za IV, zile za bahati nasibu za kuanzia, kisha mtu anaihifadhi kama maandishi ya base64 (baiti zilizoandikwa kwa herufi za kawaida): herufi 44. Na bekapu hazibanwi tena, maana data iliyosimbwa haina marudio ya kubanwa. Bekapu zetu zimevimba, na anayeulizwa ni nani? Mimi tena.

Mnajua ufunguo uko wapi? Kwenye faili la mipangilio, seva ileile. Tumefunga mlango kwa kufuli saba, ufunguo tumeutundika kitasani.

Nilichofanya wikiendi hii bila kuomba ruhusa: nimeongeza kolamu ya HMAC ya namba ya simu (alama ya kihesabu isiyorudishwa kuwa namba, ila namba ileile hutoa alama ileile), kwa ufunguo wake tofauti, nikaiwekea indeksi. Namba inasafishwa kwanza, nafasi na alama ya kujumlisha zinatoka, la sivyo mtu mmoja anakuwa watu wawili. Utafutaji wa namba kamili umerudi kuwa wa papo hapo. Najua HMAC inaonyesha namba zinazojirudia, msinikimbilie na hilo. Tarehe za kuzaliwa bado zimenishinda, maana ripoti inataka wenye umri fulani hadi fulani, na hapo HMAC haisaidii kitu.

Waliowahi kupita hapa, tarehe mlizifanyaje? Mmehifadhi mwaka peke yake ukiwa wazi, au mmeirudisha kolamu nzima chini ya usimbaji wa diski? Na atakayeniambia niongeze memori, tutagombana.