Dhahabu imeonekana shambani kwa mama, mwenye leseni anataka asaini. Tufanyeje?

BintiGeita:
Habari za jioni wakuu. Mama yangu ana ekari nne wilaya ya Geita, mihogo na mahindi juu, mpunga bondeni. Mwezi uliopita jirani alikuwa anachimba choo, likatoka jiwe lenye dhahabu. Wiki haikuisha rashi ikafumuka, watu wakamiminika kutafuta dhahabu: maturubai, bodaboda, mama lishe, hadi wa kuchajisha simu.

Sasa amekuja bwana mwenye leseni ya uchimbaji mdogo. Anasema madini ni mali ya serikali na leseni yake imefunika hadi kwetu, kwa hiyo mama achukue milioni mbili asaini, la sivyo atakosa vyote. Kaka zangu wanamsukuma asaini, mama hataki. Mimi niko Dodoma nasoma uchumi, darasani tunaambiwa madini yamefika asilimia 10 ya pato la taifa. Humo ndani mtu kama mama yuko wapi?

MamaKarasha:
Binti yangu, asisaini kwanza. Huyo bwana amewaambia nusu. Ni kweli madini ni ya Jamhuri, na leseni ndogo hupewa Mtanzania kwa miaka 7. Lakini leseni haifuti haki ya mama juu ya ardhi. Penye mazao au karibu na nyumba anahitaji idhini yake ya maandishi, na akiharibu mazao analipa fidia. Kabla ya yote nendeni kwa Afisa Madini Mkazi, aangalie kwenye ramani kama hiyo leseni inafika kwenu kweli. Huku vigingi vya mipaka huhamishwa usiku.

Milioni mbili za mkupuo mkatae. Ombeni mgao wa mifuko ya mawe. Kila duara, yaani shimo la kuchimbia, likitoa mawe, fungu la mwenye shamba litengwe palepale mdomoni mwa duara, na mtu wenu awepo anahesabu. Mzigo ukishapanda pikipiki hamtaweza kudai kitu.

Ila jambo ambalo wenye mashamba hawaambiwi ni marudio, yaani mchanga unaobaki mawe yakishasagwa na kuoshwa. Mimi nina karasha, mashine ya kusaga mawe, hapa Rwamgasa, Geita; mawe ya watu yanapita mkononi mwangu kila siku. Jiwe likisagwa, likaoshwa, dhahabu ikakamatwa kwa zebaki, inayopatikana mara nyingi haifiki nusu ya iliyokuwemo. Nyingine imebaki kwenye ule mchanga unaomwagwa pembeni. Mchimbaji akishapata chake anahama. Halafu anakuja mwenye plenti, mtambo wa kuchenjulia dhahabu, anaununua huo mchanga kwa bei ya mchanga wa kujengea, anaupeleka kwenye matangi ya sianidi, kemikali inayoyeyusha dhahabu iliyobaki, na anavuna kuliko wote waliotangulia. Nimewasagia mawe vijana ambao hadi leo wanalala kwenye turubai. Walionunua marudio yao wamejenga mjini. Inaniuma, kwa sababu waliolipa kwa migongo yao nawafahamu. Kwa hiyo andikeni waziwazi: marudio ya mawe yaliyotoka shambani kwa mama, mama ana fungu lake.

Na hizo asilimia 10 usizidharau. Mwaka 2017 mrabaha wa dhahabu, yaani fungu la serikali kwenye thamani ya madini, ulipanda kutoka asilimia 4 hadi 6, na serikali ikajiwekea hisa zisizopungua asilimia 16 kwenye migodi mikubwa. Mwaka 2019 soko la madini likafunguliwa Geita, wachimbaji wadogo wakati huo tukafutiwa VAT na kodi ya zuio. Zamani mnunuzi alikuja na mzani wake na bei yake, ukikataa unalala njaa. Sasa bei inabandikwa ukutani. Lakini ushuru wa huduma unaoingia halmashauri ni asilimia 0.3 ya mauzo, na huo unagawanywa kwa wilaya nzima. Mama atapata kile alichokiandikisha kabla shimo la kwanza halijachimbwa.

KijanaWaDuara:
Shikamoo mama. Nakubaliana na wewe, lakini naomba nitutetee sisi tunaoingia chini. Mwenye leseni anachukua chake, mwenye shamba chake, mwenye duara anarudisha gharama, kinachobaki ndicho chetu. Fungu likibanwa, kinachopunguzwa kwanza ni matimba, miti ya kushikilia kuta za shimo. Duara lisilo na matimba ya kutosha linabomoka na watu ndani. Mdogo wangu amefika chuo kwa pesa ya duara, silaani kazi hii hata kidogo. Dada, mkikaa kwenye mgao ulizeni nani ananunua matimba na nani analipia pampu ya maji. Hayo yatolewe kwanza, ndipo mifuko igawanywe.

MuuguziKanda:
Mimi nahudumu zahanati karibu na machimbo. Mialo, sehemu za kuoshea mawe yaliyosagwa, isiwekwe karibu na kisima wala kwenye bonde la mpunga. Dhahabu iliyokamatwa kwa zebaki isichomwe jikoni wala watoto wakiwepo, moshi wa zebaki hauna harufu ya kukuonya. Kuna vyombo vya kuchomea vyenye kifuniko vinavyorudisha zebaki, wadai vitumike. Vumbi la karasha nalo linaharibu mapafu, na mapafu hayo TB huyakuta yamekwisha dhoofika.

BintiGeita:
Shikamoo mama, na asanteni wote. Nimempigia mama nikamsomea. Anauliza: wakimaliza, mashimo atafukia nani?

MamaKarasha:
Marahaba mwanangu. Hilo liwe sharti la kwanza kwenye karatasi: duara likifa lifukiwe, na asiyefukia hapewi jingine. Waanze na nusu ekari ya juu tu, bondeni wasiguse. Wasaini mbele ya mwenyekiti wa kijiji, nakala moja iende kwa Afisa Madini. Na mezani akae mama mwenyewe, shamba ni lake, siyo la kaka zako. Akitaka mtu wa kumsindikiza nitumie ujumbe, kutoka huku si mbali.